Mkono Katika Picha ya Sumaya

Wiki hiyo yote Sumaya alipotoka shule alisimama katikati ya saluni, mikono nyuma, akatusomea kanuni za lebu, chumba chao cha kompyuta, bila kuangalia karatasi. Karatasi yenyewe aliibandika juu ya kioo, kati ya picha za mitindo ya nywele, ili mama yake amsahihishe akikosea. Shuleni kwao Kawangware walikuwa wameanza somo la kutengeneza tovuti. Mwalimu wao, Bi Katunge, alisema hakuna mwanafunzi atakayegusa kompyuta kabla ya kuzijua kanuni zote, na kabla mzazi hajatia sahihi.

"Sitaingia lebu na chakula wala kinywaji," alisema Sumaya. "Sitampa mtu neno langu la siri, hata awe rafiki. Sitaweka picha ya mtu kabla hajakubali. Mteja akiniandikia, nitamjibu siku hiyo hiyo, kwa heshima na kwa maelezo kamili."

"Hiyo ya mwisho afunzwe landilodi wangu," Wacera alisema bila kuinua macho kutoka kichwa alichokuwa akisuka. "Nilimwandikia juu ya choo. Mpaka leo bado ananiheshimu kwa kunyamaza."

Wateja walicheka. Mabrouka, mama yake Sumaya, mwenye saluni, akafuta mafuta mikononi na kutia sahihi. Nami nilicheka, lakini kimya kimya. Nilikuwa nimesuka mtaa huu wa Lindi, kando ya reli, muda wa kutosha kujulikana kwa jina, na bado nilipenda kiti cha ndani, mgongo kwa mlango.

Kazi ya muhula ilikuwa kutengeneza tovuti ya biashara ya kweli. Jumamosi Sumaya akachukua simu ya mama yake.

"Mathe, kanuni inasema lazima niombe ruhusa ya picha."

"Ruhusa ya nani? Hii saluni ni ya nani?" Mabrouka alijibu. "Piga. Hawa wote ni watoto wangu."

Hivyo ndivyo tulivyozoea. Mgeni akija anasalimia Mabrouka kwanza, na Mabrouka anajibu kwa niaba yetu sote. Akisema tumekula, tumekula. Akisema tutafunga mapema, tunafunga. Hakuna aliyeona ajabu, na Sumaya ni mtoto mwenye adabu. Kwake, ruhusa ya mama ilitosha kwa kila aliyekuwa mle ndani.

Nilitaka kusema kitu. Badala yake nikageuza uso ukutani, nikaendelea kusuka, na Sumaya akaipiga picha mikono yangu ikiwa ndani ya nywele za mteja. Nilijiambia mikono haina jina.

Tovuti ikawa nzuri kweli. Ilikuwa na jina la saluni kwa rangi ya zambarau, picha, mahali pa mteja kuandikia ujumbe, na ramani ya kukuleta kutoka reli mpaka mlangoni petu. Siku ya maonyesho, shule iliwaalika wazazi na majirani wazione kazi za wanafunzi kwenye kompyuta. Sumaya alirudi jioni akiruka.

"Anti Nafuna, yako ndiyo ilipendwa! Hiyo picha ya mikono. Hata fundi anayechomelea vyuma vya dirisha la lebu aliacha kazi akaja kuangalia. Alikaa hapo mpaka Bi Katunge akamuuliza kama amepotea."

"Fundi gani?" nikauliza.

"Wa Riruta. Mrefu hivi. Ako na ile miwani nyeusi, ameipandisha kichwani. Akaniambia, kazi safi, msichana."

Mafundi wa kuchomelea ni wengi Riruta. Nilijiambia hivyo nilipokuwa nikifagia, na nilipofunga dirisha. Wacera akaniuliza kwa nini nafunga dirisha na joto lote hili.

Murunga ni bwana yangu. Tuliishi Kawangware, karibu na karakana yake ya Riruta. Siku moja nilichelewa sokoni, akanishika mkono akaubandika kwenye mdomo wa bomba alilokuwa amemaliza kulichomelea, ili nikumbuke saa, alisema. Ilibaki alama ya duara juu ya kifundo cha mkono, kama kikombe kidogo kilichowekwa mezani kikiwa na maji. Nilipoondoka sikumwambia mtu ninakokwenda. Watu wa Kawangware waliamini nimerudi nyumbani Bungoma, na mimi sikuwasahihisha.

Jumatano Sumaya alikuja mapema akaninong'oneza, huku akijaribu kuzuia kicheko.

"Anti, nimekatazwa nisikuambie, lakini siwezi. Kuna mteja wako."

"Mteja wangu?"

"Wa websaiti. Ameandika mara nyingi, na nimejibu zote siku hiyo hiyo. Bi Katunge amenipa alama zote za hiyo sehemu. Soma."

Akanipa simu. Nilisoma polepole, maneno yakiwa madogo.

Mteja aliuliza mnafungua saa ngapi. Sumaya alijibu vizuri. Mteja akasema yule dada mwenye alama mkononi ndiye anayemtaka, je, huwa kazini siku gani? Sumaya akajibu: "Asante kwa kutuandikia. Yupo kila siku isipokuwa Jumapili." Mteja akauliza anatoka mbali? Asije akachelewa. Sumaya akajibu: "Hapana, anaishi chumba cha nyuma ya saluni, kwa hivyo hachelewi kamwe. Karibu sana." Ujumbe wa mwisho ulisema: "Basi Alhamisi mchana. Usimwambie. Nataka kumfurahisha."

Sufuria ya maji ya kuchovya nywele ilikuwa ikichemka juu ya jiko. Niliisikia kana kwamba inachemka ndani ya kichwa changu.

"Mama Sumaya," nikaita. Sijui kama niliwahi kumwita kwa sauti namna ile. Wote waligeuka. "Huyu ni bwana yangu."

Nikaukunja mkono wa sweta na kuwaonyesha alama. Walikuwa wameiona kila siku. Hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu msusi gani hana kovu? Maji ya moto, pasi ya nywele, jiko, vyote vinatuchoma. Nikawaambia yangu ilitoka wapi. Nilisema kwa maneno machache, na ilinichukua muda mrefu.

Mabrouka alikaa kwenye kiti cha mteja.

"Sasa Nafuna, kwa nini hukusema siku ya picha?"

"Ulikuwa umeshakubali, Mama Sumaya."

Alianza kukunja taulo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Sumaya alikuwa akilia bila sauti, simu ikiwa bado mkononi.

"Itoe hiyo picha," Wacera alimwambia. "Itoe sasa hivi, msichana!"

"Siwezi. Ikishaonyeshwa inafungwa mpaka isahihishwe. Ni kanuni. Mwalimu peke yake ndiye anaweza kuifungua."

Mabrouka akampigia Bi Katunge na kuweka simu sauti ya juu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Sumaya," akasema, "huyo dada mwenyewe uliwahi kumuuliza?"

"Mama alikubali, Mwalimu."

"Mama yako ni mama yako. Nilisema mtu kabla hajakubali." Kisha sauti yake ikapungua ukali. "Na mimi nilikupa alama kwa yale majibu, na sikuyasoma vizuri. Naitoa sasa."

Ikatolewa. Tukaangalia, hapakuwa na kitu, ukurasa mweupe tu. Lakini majibu ya Sumaya yalikuwa yameshafika kwenye simu ya Murunga, kwa heshima na kwa maelezo kamili.

Wacera akataja polisi, nikamwambia niliwahi kwenda, wakanituma nirudi nyumbani nikaongee na mume wangu. Akataja Mombasa kwa shangazi yake. Niliifikiria hiyo Mombasa usiku kucha. Asubuhi nikajikuta nimevaa aproni. Nikikimbia, angenikuta njiani nikiwa peke yangu. Hapa angalau angenikuta kati ya watu.

Alhamisi stima ilipotea, draya zikanyamaza, na tukasikia kila mguu uliopita nje. Mabrouka aliketi mlangoni, kiti chake kimezuia nusu ya njia. Mchana aliyeingia hakuwa Murunga. Alikuwa msichana mwembamba, mdogo kuliko mimi, amevaa sweta ya mikono mirefu katika jua lile.

"Sasa?" Mabrouka akamsalimia, bila kusogeza kiti.

"Poa, mama. Naitwa Mideva. Nimekuja kusukwa matuta." Akachungulia ndani. "Namtaka yule dada mwenye alama mkononi."

"Hapa alama ni kama nywele. Kila mtu anazo."

Lakini macho ya msichana yalikuwa yamenifikia, na yangu yalikuwa yamemfikia. Nikavuta kiti. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa akitetemeka kuliko mimi. Akakaa, nikachukua kitana, nikagawa nywele zake, nikaanza tuta la kwanza. Simu aliiweka juu ya goti na kuifunika kwa kiganja. Aliponyoosha mkono kujipangusa jasho, sweta ikapanda.

Duara. Jekundu bado, halijakauka pembeni. Mahali pale pale.

Vidole vyangu vikasimama ndani ya nywele zake.

"Amekutuma," nikasema.

Akainama. "Yuko kule reli anangoja. Alisema wewe ni dada yake aliyeiba vitu akatoroka. Nikikuona nimwandikie neno moja tu, ndiyo ama la. Halafu nitoke, nisikae. Lakini nimeona mkono wako. Wewe si dada yake."

"Sio."

Mideva aliinua simu, akaiangalia, kisha akageuza shingo mpaka akaniona, tuta likiwa bado mkononi mwangu.

"Siz, nimwandikie nini?"

Nilimtazama Mabrouka, kwa mazoea. Mabrouka aliangalia chini. Alikuwa akingoja kama wengine, na ikanibidi nitafute sauti yangu mwenyewe.

"Andika la."

Akaandika. Hatukungoja sana. Simu ikalia mara moja na Mideva akasoma kwa sauti ya chini: "Tuma picha ya mkono wake. Na uso."

"Haya basi," Wacera akasema. Alisimama, akapangusa mafuta kwenye aproni, akakunja mkono wa blauzi. "Mimi ninazo mbili. Hii ya maji ya moto, hii ya pasi. Piga hii ya maji, imekaa duara duara."

"Wacera." Mabrouka aliongea polepole. "Uso wako utabaki kwa simu ya huyo mtu. Wewe mwenyewe unakubali?"

"Leo naulizwa?" Wacera akacheka, lakini midomo yake ilikuwa imekauka. "Nakubali, Mama Sumaya. Mimi mwenyewe. Tena piga nikiwa nimekasirika, sitaki anipende."

Mideva akapiga. Wacera alisimama karibu na kioo, mkono kifuani, chini ya karatasi ya Sumaya ambayo hakuna aliyekumbuka kuibandua. Picha ikaenda. Tukangoja, na maji ya kuchovya nywele yakachemka, na hakuna aliyeyaondoa jikoni.

Jibu lilikuja. "Sawa. Si huyo. Toka sasa."

Nikashika mgongo wa kiti. Mtu alivuta pumzi kwa nguvu, nadhani ni Mabrouka. Mideva alikuwa ameshaanza kuinuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kama ya mtu aliyeamshwa.

Ningeweza kumwacha aende. Angefika reli, Murunga angemshika mkono, wangerudi Kawangware, na mimi ningebaki na chumba changu cha nyuma. Nilijua nikimzuia, jibu lile tulilotuma halitakuwa na kazi tena. Nilijua vizuri.

"Mideva," nikasema. "Unataka kwenda?"

Alisimama pale akitazama mlango, mkono mmoja umefunika alama. Nje mtu alipita na mkokoteni wa maji, akipiga mluzi. Kisha Mideva akarudi kitini taratibu, kama mtu anayekaa juu ya kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nisuke," akasema.

Mabrouka akaingiza kiti chake ndani na kuteremsha komeo. Wacera akaondoa sufuria jikoni, lakini hakuiweka chini. Aliishika kwa vitambaa viwili akasimama nayo kando ya mlango, mvuke ukimpanda usoni. Nikagawa nywele, nikaanza tuta jingine.

Simu ikaita juu ya goti la Mideva. Ikanyamaza, ikaita tena. Mara ya tatu haikuita. Nikaendelea kusuka, masikio yangu yakiwa nje. Kutoka reli mpaka mlangoni petu, ramani ya Sumaya ilikuwa imeandika kwa rangi ya zambarau, ni mwendo mfupi sana.