Vali Mpya

Kwa miaka mingi mtafiti mmoja alihangaika na jambo moja: maji ndani ya boila, tangi linalochemsha maji kuwa mvuke wa kuzalishia umeme. Yakizidi, yanaingia kwenye njia ya mvuke na kuvunja mitambo. Yakipungua, mabomba yanaungua. Akatunga kidhibiti, programu inayosoma usawa wa maji muda wote, kisha inafungua vali ya kuingizia maji au kuibana kufuatana na ilichokisoma. Chuoni walimsifu. Lakini sifa za kwenye karatasi hazichemshi maji, na kaka yake, fundi wa zamu kwenye kituo cha umeme, ndiye aliyembembeleza meneja mpaka akakubali kijaribiwe kwenye boila la kweli.

"Ukiniaibisha, harusini kwako siji," kaka alimtania.

"Harusi yenyewe iko wapi?"

Kidhibiti kilifanya kazi kama kilichozaliwa mle. Maji yalitulia tuli. Meneja akaamuru kisiondolewe, na mtafiti akarudi chuoni kifua mbele.

Asubuhi moja kaka akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu asiyetaka kusikiwa.

"Mdogo wangu, maji yanapanda na kushuka. Kila yakirudi yanapitiliza zaidi."

"Mmebadilisha kitu?"

"Vali. Ya zamani ilikuwa inavuja. Hii mpya nzito kidogo, inachelewa."

Kidhibiti kilipangwa kwa vali nyepesi. Sasa kilikuwa kikiamuru, vali inajivuta, nacho kinaamuru tena kwa nguvu zaidi. Vali inapotii, maji yameshapitiliza.

"Kizime, kaka. Endesheni kwa mkono."

"Meneja hataki. Njoo umwambie mwenyewe."

Alichukua teksi. Meneja alimpokea kwenye ujia, nje ya kioo cha chumba cha kuongozea mitambo, wala hakumruhusu kuingia. Wageni hawaingii humo. Kwenye skrini kubwa, mstari wa maji ulikuwa unapanda na kushuka kama kifua cha mtu mwenye homa.

"Dada, wewe mwenyewe ulituambia kinajirekebisha."

"Kwa vali ile. Hii hakiijui."

"Tukiendesha kwa mkono tutapunguza umeme, na leo mji mzima unatutegemea. Fundi atashuka akaitazame vali. Basi."

Yote aliyoyajua mtafiti alikuwa ameshayasema.

Kaka akatoka na kofia yake ngumu mkononi. Alipompita, akamgusa bega. "Usiniangalie hivyo. Naenda, narudi."

Akashuka ngazi za chuma hadi kwenye vali, chini ya ujia, ambako mtafiti aliweza kumwona. Mstari ukapanda, safari hii bila kugeuka. Mtafiti akagonga kioo kwa viganja vyote viwili. Walioketi ndani waliinua macho, wakamtazama, wakatazamana. Kisha kishindo kikasikika chini, kama nyundo imepiga bomba, na ukungu mweupe wa mvuke ukafunika mahali aliposimama kaka yake. Boila likajizima lenyewe.

Hospitalini alimkuta kaka amefungwa bendeji mikono yote, vidole hadi viwiko. Wifi yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akimpepea kwa upande wa kanga.

"Hivi huko juu," kaka aliuliza, macho kayafumba, "ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

Mtafiti alisubiri alaumiwe. Lawama ingempa kitu cha kujibu, lakini haikuja.

Daktari akapita na wenzake. Alizungumza nao haraka, kwa maneno yao ya kitabibu: mishipa, kano, uwezekano wa kukata vidole vya mkono wa kulia. Kisha wakahamia kitanda cha pili.

Wifi akamvuta kando. "Wewe ndiye msomi wetu. Kasemaje?"

Mtafiti alikuwa ameelewa kila neno la daktari.

"Kasema tusubiri," akajibu, akainama kuokota kanga iliyoanguka.