Wingu Likipita

Mashine ile ilikuwa na tabia moja ya kimwinyi: bila jua haifanyi kazi. Ilikuwa tangi la plastiki juu ya magurudumu mawili, pampu ndogo chini yake, na paneli ya sola iliyoinamishwa juu kama mwavuli wa muuza matunda. Ilipoletwa ilikuwa na betri, lakini betri ilikufa zamani, na fundi umeme alipochoka kuahidiwa nyingine aliunganisha waya wa paneli moja kwa moja kwenye pampu. Tangu hapo jua likiwaka ilikoroma, wingu likipita ikanyamaza, na wingu likiondoka ikaanza tena yenyewe, bila kumwuliza mtu.

Mwanamke aliyeiendesha walimwita Mama Mvua. Siku nyingi kazi yake ilikuwa kunyunyizia maji zege jipya ili lisikauke haraka likapasuka. Lakini wiki ile alipewa dawa ya mchwa, aipulize kwenye udongo kuzunguka msingi wa jengo. Alivaa barakoa, glavu na miwani ya plastiki, na mafundi walipomwona hivyo hawakumwacha apumue. "Mama Mvua, fimbo ya mbali haiui mchwa, sogea karibu," walimwambia, maana bomba lake liliishia kwenye fimbo ndefu ya chuma yenye tundu la kutolea dawa. Naye alicheka nao. Alikuwa mtu wa kupenda kupendwa, na huko ujenzini aliona kicheko ndicho kilichomlinda.

Fimbo hiyo ilikuwa na kishikio cha kubana kwa vidole. Ukibana inatoa, ukiachia inakata. Ukibana tangu asubuhi, mchana kiganja hakikunjuki. Kwa hiyo kila aliyewahi kushika kazi ile alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli akakifunga kishikio kikabaki kimebanwa, mkono ukapumzika. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua pia kwamba msimamizi hakutaka hata kuusikia ukanda huo. Aliyemtangulia Mama Mvua alikutwa nao, akavuliwa glavu palepale mbele ya watu na kuonyeshwa geti. Nafasi yake ilipokuwa wazi, kaka yake Mama Mvua, fundi nondo waliyemwita Koleo kwa kuwa koleo halikumtoka mkononi, ndiye aliyekwenda kwa msimamizi akasema, "Mdogo wangu namjua. Akikosea, nilaumu mimi."

Siku ile alikosea. Mkono ni nyama, si chuma. Alifunga ukanda baada ya kuhakikisha msimamizi yuko juu ghorofani, akapuliza kwa raha hadi karibu na shimo la tangi la maji, shimo refu la kuta za zege lililokuwa likisubiri mfuniko. Hapo wingu likaja, zito, na pampu ikazimika katikati ya pumzi. Alisubiri kidogo. Kisha msimamizi akamwita kutoka juu. Mama Mvua aliilaza fimbo ukingoni mwa shimo, tundu likielekea ndani ili matone yasilowanishe njia ya watu, akavua glavu akaenda. Swichi hakuigusa. Nani huzima kitu kilichokwisha kuzimika?

Ghorofa ya tatu haikuwa na kuta bado. Msimamizi alikuwa amechuchumaa, filimbi yake ikining'inia shingoni, akifuata ufa kwenye zege kwa ncha ya funguo. Filimbi ile ilikuwa sheria: ikilia, hata kijiko cha chakula kinasimama njiani.

"Unaona?" alimwuliza. "Na huu hapa. Na ule pale. Zege linalia kiu wewe uko chini unacheza na mchwa."

"Uliniambia dawa kwanza, bosi."

"Nilikuambia dawa. Sikukuambia usahau maji."

Mama Mvua aliinamisha kichwa, kama afanyavyo mtu anayetaka mvua ya maneno imwishie mgongoni. Akiwa ameinama hivyo aliona chini, kupitia ukingo wa sakafu, shimo la tangi. Kaka yake alikuwa akishuka ngazi kuingia ndani. Mchana humo mlikuwa na baridi nzuri, na Koleo hakuwa mtu wa kuacha usingizi wa bure upotee. Alitandika gunia la saruji, akalala chali, kofia kifuani, uso wazi kabisa. Juu yake, ukingoni, fimbo ilikuwa imelala vilevile Mama Mvua alivyoiacha.

Mwanzoni hakuona lolote baya. Aliona kaka yake anapumzika, basi. Kisha akainua macho kidogo, akaona mabati ya mtaa wa pili yanang'aa.

Yaling'aa moja baada ya jingine, yakija. Wingu lilikuwa likiondoka, na nyuma yake jua lilisogea juu ya paa za watu taratibu kama maji yanayoingia ndani ya nyumba. Lilifika kwenye mnara wa simu, likafika kwenye uwanja wa shule. Hapo ndipo Mama Mvua alipoikumbuka swichi, na ukanda, na lile tundu linaloangalia shimoni.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Bosi, piga filimbi. Maneno matatu tu, na filimbi yenyewe ilikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kuinyakua. Kaka angeamka, angetoka, angekuwa hai na amekasirika. Halafu msimamizi angeshuka kuona kulikoni, angeukuta ukanda.

"Bosi," alisema, "naomba nikaiangalie mashine mara moja."

"Mashine haina jua. Ina haraka gani?"

"Mara moja tu."

Msimamizi alimtazama, akafyonya, akarudi kwenye ufa wake. Mama Mvua aligeuka akatembea. Alitembea! Hatua za mtu anayekwenda kunywa maji, mpaka alipoingia kwenye ngazi, na hapo miguu ikamchukua yenyewe akakimbia.

Ngazi hazikuwa na vizuizi pembeni. Alishuka akiparuza bega ukutani, na kwenye kona walikuwa wameketi mafundi rangi wanakula. "Mama Mvua, mchwa wanakufukuza?" mmoja alimwuliza, wengine wakaangua kicheko. Naye akatabasamu. Huko mbele, siku akiwa peke yake na akili yake, jambo hilo ndilo lingemtia baridi kuliko mengine yote, kwamba roho ilikuwa juu juu, kaka yuko chini ya sumu, na bado uso wake ulijua kutabasamu.

Ghorofa ya pili vibarua wawili walikuwa wakipandisha ubao mrefu, wameuziba mlango wa ngazi. "Samahani," alisema. "Subiri kidogo, dada, umekwama," walimjibu. Ubao ulikwama kweli. Wakausukuma, wakaurudisha, wakabishana nani ainue. Alikwenda kwenye uwazi wa dirisha. Shimo lilikuwa chini yake kabisa. Aliiona hata mikunjo ya shati la kaka. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka barabara. Lilipanda juu ya rundo la kokoto, kokoto zikawa nyeupe.

Alifungua mdomo.

Kutoka pale angesikika. Hakuna mashine ya zege iliyokuwa ikizunguka, ulikuwa wakati wa chakula, na hata jogoo wa jirani alisikika. Lakini angesikika juu vilevile. Alifikiri, na mawazo ya mtu mwenye hofu hukimbia kuliko miguu, kwamba huenda jua likawahi na pampu ikachelewa, kama ilivyochelewa siku nyingine. Kwamba huenda presha imeisha ndani ya bomba. Kwamba akishuka sasa hivi atawahi, atafungua ukanda, atautia mfukoni, na jambo zima litakuwa halikutokea. Alifunga mdomo. Ubao uliachia. Akapita chini ya mikono ya vibarua akakimbia.

Alikuwa kwenye ngazi za mwisho pampu ilipoanza kukoroma.

Sauti aliyoisikia baada ya hapo haikuwa ya kaka yake anayemjua. Ilikuwa fupi, kisha ikakatika, kisha ikarudi ikiwa ndefu. Alifika ukingoni, akaona fimbo inarukaruka kama nyoka aliyekanyagwa kichwa, dawa ikimwagika shimoni kama mwavuli mpana, na Koleo amepiga magoti, kiganja kimoja usoni, kwa kingine anapapasa ukuta akiitafuta ngazi pale isipokuwepo. Aliipiga swichi kwa ngumi. Aliruka ndani.

Alichojua kilikuwa kile kilichoandikwa kwenye dumu la dawa: maji mengi. Alipiga kelele za kuomba maji, na maji yakaja, ndoo kwa ndoo, watu wote wakiwa wamemwaga vyakula vyao. Alimlaza kaka kichwa mapajani, akamfungua macho kwa vidole, akamwagia. Macho yalikuwa mekundu kama nyama. Koleo alitapika, akatapika tena. "Sioni," alikuwa akisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa taarifa. "Mdogo wangu, sioni."

Walimpeleka zahanati kwa gari la msimamizi. Muuguzi aliyeyaosha macho upya na kuyafunga kwa bandeji hakutaka kusema chochote. Alisema daktari wa macho atakuja asubuhi, na kwamba hadi hapo mgonjwa asishike bandeji, na wamwangalie kama atapata shida ya kupumua. Mama Mvua aliuliza kama ataona. Muuguzi alisema, "Tusubiri, dada," akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Msimamizi aliingia, akasimama miguuni pa kitanda. Alikuwa ameiona fimbo. "Nataka kujua nani alifunga ule ukanda," alisema, si kwa ukali, na kwa kuwa haikuwa kwa ukali ilitisha zaidi.

Mama Mvua alifungua mdomo kwa mara ya pili siku ile, na kwa mara ya pili ulimi ukawa mzito.

"Mimi," alisema Koleo kutoka nyuma ya bandeji. "Mkono ulikuwa unamuuma. Nikamfungia, yeye hata hakuona. Si nilikuambia akikosea unilaumu mimi? Basi nilaumu."

Msimamizi aliangalia bandeji, akaangalia sakafu, akasema watazungumza mgonjwa akipona, kisha akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini na wale waliomsindikiza. Mlango ulibaki wazi nusu.

Chumbani kulikuwa na kitanda, kiti, na beseni lenye maji ya rangi ya maziwa. Mama Mvua aliushika mkono wa kaka. Ulikuwa na makovu ya waya kila kidole, na alijikuta akiyafuata moja moja kwa kidole gumba, kama zamani mama yao alipokuwa akiwatoa miiba.

"Nilikusikia," alisema Koleo.

"Lini?"

"Ulipokuwa unakuja. Usingizi wangu mwepesi. Nilisikia mtu anakimbia ngazini, nikasema huyu ni mdogo wangu, maana unakimbia kwa visigino tangu utoto." Alimeza mate kwa shida. "Nikalala kusubiri uniite. Nikawaza, kama kuna jambo ataniita. Mbona hukuniita?"

Alitafuta uongo. Uongo ulikuwepo, mwingi, wa kila saizi. Ningeita usingesikia. Sauti ilinikauka. Nilikuita, kaka, hukunisikia. Huo wa mwisho ulikuwa mzuri kuliko yote, na Koleo, aliyelala gizani, angeuamini.

"Niliogopa msimamizi asije akanisikia," alisema.

Koleo aliuondoa mkono wake mkononi mwa dada, polepole, bila hasira, akauweka juu ya shuka upande wa pili. Mama Mvua alibaki na kiganja wazi mapajani. Hakuwahi kuogopa kitu kama alivyouogopa mkono ule ulioondoka, hata lile jua lililotambaa juu ya mabati.

"Kaka."

"Nimesikia."

"Sema kitu."

"Linawasha," alisema. "Jicho la kulia linawasha sana. Nafikiri pumzi pia inabana. Niitie muuguzi."

Aliinuka. Alifika mlangoni, akaona ukumbi mrefu, kaunta ikiwa tupu mwishoni, na watu wa ujenzini kwenye benchi, vichwa vimeinama. Akaita. Sauti ilitokea miguuni, ikajaa ukumbi wote, ikagonga mlango wa mwisho ikarudi. Mtoto mahali fulani alianza kulia. Muuguzi alitoka chumba cha pili akikimbia, akampita, akaingia kwa Koleo, na wale wa benchi wote wakawa wamesimama.

Msimamizi alikuwa wa mwisho kusimama. Alimwangalia Mama Mvua, naye hakuyashusha macho. Mama Mvua alimfuata pale alipo, mbele ya watu.

"Ule ukanda," alisema, na sauti yake ilikuwa bado iko juu.