Pengo la Alama Kumi na Sita

Chaki iliyobaki ilikuwa na ukubwa wa jino la mtoto, kwa hiyo Mwalimu Rula aliandika hesabu moja tu ubaoni, tano juu ya nane toa moja juu ya nne, akasogea pembeni. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watoto thelathini walikuwa wamebanana kwenye madawati kumi ya mbele, kitabu kimoja kwa kila dawati.

Alimwita Sindano, binti wa fundi cherehani, mwembamba kweli kama jina alilobandikwa na wenzake. Sindano aliandika, akakwama, akafuta kwa kiwiko, akaandika tena.

“Tatu juu ya nane,” alisema, bila kugeuka.

Mwanzoni mwa mwaka alipata alama kumi na moja kwa mia. Katika mtihani wa wiki iliyopita alipata ishirini na tisa. Hiyo bado ni kufeli, na Rula hakuwa mtu wa kuita kufeli kwa jina lingine. Ila alijua kwamba njia ya kutoka kumi na moja hadi ishirini na tisa ina vilima vingi kuliko ile ya kutoka sabini hadi themanini na nane.

Darasa la saba lilikuwa na wanafunzi hamsini na wanane. Thelathini kati yao walikuwa kwenye orodha ya msamaha, yaani watoto ambao nyumba zao haziwezi kulipa michango ya shule. Hao thelathini ndio waliokuwa chini ya Mradi wa Kuziba Pengo: saa moja ya masomo kabla ya wengine kufika, na sahani ya chakula mchana. Mradi ulipoanza, wastani wao ulikuwa nyuma ya wenzao wanaolipa kwa alama ishirini na tatu. Sasa pengo lilikuwa kumi na sita. Lengo lilikuwa chini ya kumi, na afisa wa mradi alikuwa anakuja leo kuchukua fomu.

Saa nne mkuu wa shule alimwita ofisini. Hakumkaribisha kiti, maana kiti cha wageni kilikuwa kimebeba ndoo ya kukingia maji ya dari. Alimsukumia karatasi mbili: orodha mpya ya msamaha na fomu ya matokeo. Orodha ilikuwa na majina ishirini na manne.

Rula aliuliza sita wengine wamekwenda wapi. Mkuu alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe usiku kucha. Kila mzazi alitakiwa kurudisha fomu yenye muhuri wa ofisi ya kata kuthibitisha kwamba hana uwezo. Mwisho ulikuwa jana saa kumi. Asiye na muhuri si maskini. Ndivyo waraka wa mradi unavyosema.

“Fomu zisizo na muhuri zilikuwa kumi na moja, mkuu. Nilizihesabu mwenyewe Ijumaa.”

“Tano nilizipeleka kata kwa pikipiki yangu, zikagongwa.”

Rula hakuhitaji kuuliza ni tano zipi. Alipitisha kidole kwenye orodha: wale watano wote walikuwa wamepata zaidi ya hamsini. Waliokatwa walikuwa sita wa mwisho.

Alifanya hesabu palepale amesimama, akiandika nyuma ya bahasha. Watoto sita, wastani ishirini na tatu. Ukiwatoa kwenye kundi la msamaha, wastani wa kundi hilo unapanda kutoka arobaini na moja hadi arobaini na tano na nusu. Ukiwaingiza kundi la wanaolipa, wa huko unashuka kutoka hamsini na saba hadi hamsini na moja. Pengo: tano na nusu. Wastani wa darasa zima haukusogea hata unywele. Hakuna mtoto aliyejifunza kitu kati ya jana na leo.

“Unajua mwenyewe waraka,” mkuu alisema, sauti chini. “Shule isiyofikia lengo inaondolewa. Mkataba wako unaondoka, jiko linaondoka. Sita wakikosa, ishirini na wanne wanakula. Niambie wewe, dada yangu, ungefanyaje?”

Rula alichukua fomu bila kusaini, akatoka.

Nje ya mlango alikuwepo mama yake Sindano, nyuzi bado zimeng’ang’ania kanga yake, mkononi fomu yenye muhuri mbichi. Ofisi ya kata walikuwa wamemzungusha siku nne. Karani wa huko, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Njoo Kesho, kwanza alitaka barua ya mwajiri. Alipoambiwa kwamba mwajiri ni cherehani, akataka barua ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye akakataa kuandika kwamba mpangaji wake ni maskini, asije akaonekana anapangisha watu wasiolipa.

“Leo ndiyo kanigongea, mwalimu. Ila kaandika tarehe ya leo. Si kitu, eti?”

Mkuu, aliyesikia kutoka ofisini, alisema kwa upole kwamba ni kitu. Mwanamke yule alitazama muhuri, kisha akamtazama Rula.

“Kwa hiyo jana nilikuwa na uwezo,” alisema. “Laiti mngenipa habari, ningekula vizuri.”

Rula alicheka, halafu akaona haya kwa kucheka. Alimwambia aiache fomu. Haikuwa ahadi, na wote wawili walijua.

Hakukaa tena mpaka mchana. Alisahihisha amesimama, akazunguka uwanja mara mbili, akaingia chumba cha walimu na kutoka bila kukumbuka alichofuata. Saa saba alikuwa karibu na jiko watoto walipopanga foleni. Mpishi, Bi Mwiko, alikuwa na orodha mpya chini ya kifuniko, na hakupenda kuisoma; aliwaambia wale sita wasogee pembeni kwanza, kama vile kungekuwa na baadaye.

“Wapisheni matajiri,” mmoja aliropoka kwenye foleni. “Hawa wanakula kwao.”

Foleni nzima ikacheka. Sindano naye alicheka, sahani tupu ameikumbatia kifuani, kisha akaenda kuisuuza bombani kama mtu aliyekwisha kula.

Afisa wa mradi alifika saa nane kwa gari jeupe. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyechoka, na shule nyingine tatu za kupitia kabla ya jioni. Alifungua kompyuta yake juu ya meza ya mkuu, akaomba fomu; Rula akaileta. Kilichokosekana ni sahihi ya mwalimu wa darasa.

Rula aliwafikiria wale ishirini na wanne, mmoja mmoja, kwa majina. Akasaini. Kisha, katika nafasi ya maoni, aliandika kwa mwandiko ulionyooka: Wanafunzi sita wamehamishwa kundi. Bila hilo pengo ni kumi na sita.

Afisa aliyasoma.

“Mwalimu, hiyo sehemu mfumo hausomi,” alisema, bila kejeli. “Unachukua namba tu.” Akaingiza namba. Kisha akatabasamu, akampa mkuu mkono. “Hongereni. Mmehitimu.”

Mkuu aliuliza kuhitimu ni kufanya nini.

Ilikuwa ukurasa wa pili wa waraka. Shule isiyofikia lengo inaondolewa kwa kushindwa. Iliyofikia lengo imekwisha kuziba pengo, na mradi unahamia shule yenye pengo. Mkuu hakuwahi kuuona ukurasa huo. Siku waraka ulipokuja, karatasi ya mashine ya kuchapia ilikuwa imebaki moja tu.

“Na ningeandika kumi na mbili?” mkuu aliuliza.

“Mngeondolewa.”

“Na tano na nusu?”

“Mnahitimu, mzee. Ni heshima.”

Rula aliuliza kama angalau yale majina sita yanaweza kurudi kwenye orodha, kwa kuwa sasa hayamzuilii mtu chochote. Afisa alisema orodha hufunguliwa mwaka ujao. Magunia ya maharage yaliyobaki lori litayachukua Jumatatu. Alifunga kompyuta, akakusanya fomu zote pamoja na orodha, akaaga kila mtu kwa mkono. Mkuu alibaki amekaa, akiitazama ndoo.

Bi Mwiko alikuwa anasugua sufuria aliposikia habari.

“Kesho niinjike kwa wangapi?” aliuliza.

“Stoo kumebaki nini?”

“Magunia mawili, kila moja halifiki robo.”

Leo ilikuwa Jumatano. Rula alipiga hesabu, safari hii kwa kichwa.

“Pikia hamsini na wanane. Kesho na keshokutwa. Sahani zijae.”

“Mwalimu, orodha ilisema ishirini na wanne.”

“Orodha imeondoka na gari.”

Mpishi alimtazama, mikono imejaa masizi mpaka viwikoni.

“Na Jumatatu lori likija?”

“Yakunje magunia vizuri,” Rula alisema. “Watayakuta.”