Neno Moja la Shemeji

Kampuni kubwa ilimpa Mama Waya hadi mwisho wa mwezi. Anwani za intaneti alizokuwa akizitumia zilikuwa zao, walimwazima tu, na sasa wanazitaka. Bila anwani, mtandao haujui ujumbe upi uende nyumba ipi. Zahanati, shule na nyumba zote za mtaa alizozifungia nyaya kwa mikono yake zingezimika kwa mpigo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mama huyu hakuwa na nia ya kuumbuka mbele ya mtaa mzima.

Akaomba anwani zake mwenyewe katika ofisi inayozigawa. Mtandao mdogo unaruhusiwa, ila kwa masharti: uonyeshe kwamba anwani utazitumia kweli, na uunganishwe na mitandao mingine miwili yenye wenyewe tofauti, ili njia moja ikikatika nyingine ibebe. Njia ya kwanza ilikuwa kampuni. Ya pili ilikuwa kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye mtandao upande wa pili wa soko. Mama Waya akatuma ombi na kulala usingizi mnono.

Likakataliwa. Akajitanda khanga yake na kwenda kuuliza.

"Dada, tulimpigia huyo bwana kuhakikisha," afisa alimwambia, bila kumzungusha. "Tukamuuliza mtandao wako ni wa nani. Akajibu, 'Huo ni mtandao wetu.' Sasa kama ni wenu, si njia mbili hizo. Ni nyumba moja yenye milango miwili."

"Lakini si ndivyo watu wanavyosema? Hata wewe ukinialika nyumbani kwako utasema 'karibu kwetu'."

"Najua. Ila kanuni haijui adabu. Anipigie, aseme mwenyewe."

Kazi ipo. Shemeji hakusema "wetu" kwa adabu peke yake. Tangu kaka yake azikwe, kila kitu kilikuwa wetu na yetu: mnara wetu, wateja wetu, hata ngazi aliyoinunua Mama Waya baada ya msiba, ambayo shemeji aliichukua na hajairudisha. Mbele za watu alimtambulisha kama "shemeji, anatusaidia kule". Anatusaidia, mwanamke aliyepanda mnara mvua ikimchapa! Miaka yote alimeza, kwa sababu ni vigumu kugombana na mtu anayekuletea vipuri bila kuombwa. Leo alichoka kumeza.

Alimkuta dukani, koleo mkononi, akibana kichwa cha waya.

"Karibu, shemeji. Mambo yetu huko vipi?"

"Hiyo 'yetu' ndiyo imenileta." Akamweleza yote, akiwa wima, kiti alikikataa. "Mwisho wa mwezi zahanati inazimika kwa neno lako moja."

"Mimi nilisema wetu kwa sababu ni wetu. Kaka ndiye aliyeujenga."

"Aliuanzisha. Aliyeufikisha zahanati ni nani?"

Shemeji aliliweka koleo mezani.

"Nikisema ni wako," alisema polepole, "mimi nitabaki na nini cha kaka?"

Mama Waya alikuja kupambana na uroho, akakuta msiba. Ilimuuma. Lakini hakurudi nyuma.

"Utabaki na mimi. Undugu ni kufaana, shemeji. Ofisi inauliza mwenye mtandao ni nani, haijauliza nani ndugu ya nani. Piga simu."

Akapiga, akaweka spika.

"Ule mtandao," alianza, akakohoa. "Ulikuwa wa kaka yangu. Kaka hayupo. Si wetu. Ni wake."

"Wake peke yake?" afisa aliuliza.

"Peke yake. Mimi nampa njia ya pili tu."

Mama Waya aliingoja kauli hiyo kwa miaka, na alipoisikia aliona kama mumewe anazikwa tena. Akaisogelea simu.

"Na huyu ni shemeji yangu," alisema. "Hilo usije ukalifuta."

"Huku kwetu halina pa kuandikwa, dada," afisa akajibu. "Lakini nimelisikia. Ombi lako linapita."

Simu ikakatika. Shemeji akaushika tena waya wake.

"Ngazi yako iko nyuma ya duka," alisema bila kuinua macho. "Nitaileta."