Ufunguo wa Chumba cha Kufulia

Kabla hata ya chai, mama mkwe alikuwa ameshasimama chini ya kamba ya nguo, mikono nyuma kama mkaguzi, anahesabu vitambaa vya hedhi vya mke wa mwanawe.

"Vitatu," akasema. "Jana vilikuwa vitano. Viwili umevipeleka wapi?"

"Nimevivaa, mama."

"Ahaa. Kwa hiyo na mwezi huu hukushika mimba."

Alikipindua kimoja kwa ncha ya kidole, akakitazama huku na huku, akakiacha kidondoke maji. Aibu hana. Alifanya hivyo kila mwezi tangu bibi arusi alipoingia nyumba ile, mtoto wa kwanza mpaka wa sita. Majirani walishazoea. Watoto nao walishazoea, na hilo ndilo lililomchefua mama yao kuliko yote. Binti yake wa miaka kumi aliwahi kumuuliza, "Mama, na mimi nikikua, bibi atanihesabia?"

Mama mtu alikwenda zake kazini na swali hilo rohoni.

Hospitalini walimwita Mama Dobi. Alifua shuka za wodi zote, na damu aliijua kama mpishi anavyojua chumvi: maji baridi kwanza, maana ukiitia ya moto inashika moja kwa moja. Yake mwenyewe aliifua pia, ile ya mtoto wa sita, alipopata nguvu ya kusimama. Ilijaa shuka nne. Mkunga aliyemzalisha siku hiyo hakumung'unya maneno: "Mwenzangu, huyo wa saba usimsubiri. Atakuzika."

Daktari wa kufunga kizazi alipita pale mara moja kila miezi mitatu. Leo ndiyo siku yake, na saa kumi jioni anaondoka. Basi Mama Dobi aliamkia kwenye beseni. Ilipofika saa tano shuka za wagonjwa zote zilikuwa zimekauka, zimekunjwa, zimefika wodini. Yalibaki mapazia na vitambaa vya meza, maana kesho wakubwa wanakuja kukagua hospitali. Alivikunja, akavifungia ndani ya chumba cha kufulia, akatia ufunguo kifuani, akaenda kwa karani.

Karani aliitazama fomu huku anachokonoa meno.

"Umejaza vizuri. Lakini hapa chini je?"

Fomu yote ilikuwa ya chapa, isipokuwa mstari wa mwisho. Huo mtu aliuandika kwa kalamu, herufi zimelala upande, ukatolewa nakala na nakala ya nakala mpaka ukawa sheria: *Sahihi ya mume.*

"Kizazi si changu?"

"Mama Dobi, usinitafutie maneno. Sahihi ya mume, basi. Ukichelewa, mpaka miezi mitatu."

Akatembea mpaka nyumbani, jua la utosi, viatu vya mpira, bado vina maji ya kufulia ndani, vinamlia miguuni.

Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku. Mchana alikuwa mkekani na mama yake, sahani ya nyama kati yao. Mtu wa kulinda malango ya watu huyo, lakini la midomo yake alimwachia mama yake afungue na kufunga.

"Baba watoto, naomba sahihi yako hapa. Daktari anaondoka saa kumi."

Akasoma polepole, midomo inacheza. Kisha, bila kumtazama mkewe, akasema, "Mama, unasemaje?"

"Sijui kusoma. Wanataka nini?"

"Anataka kufunga kizazi."

"Kufunga!" Bibi akacheka mpaka mchuzi ukamwagika. "Kwani duka hilo?"

"Mama, mkunga amesema wa saba ataniua."

"Mimi nimezaa tisa. Nimekufa?"

"Walibaki wangapi, mama?"

Walibaki wanne, na wote waliokuwa pale walijua.

"Mdomo huo umeufua hospitali?" bibi akasema. "Sikiliza. Mwanamke asiyeogopa mimba nani atamshika? Utazurura."

"Nizurure saa ngapi? Nafua kule, nikirudi nafua hapa."

"Usibishane na mama," mume akasema, macho kwenye sahani.

Bibi akaichukua ile fomu. Akafutia vidole, kimoja kimoja, hata katikati ya vidole, kisha akakunjia mfupa ndani yake na kuutupa kwenye ndoo ya taka. Mwanawe akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba asihusishwe.

Mama Dobi aliwatazama wawili wale, midomo inang'aa mafuta. Akainama, akaitoa fomu kwenye taka, akakung'uta mfupa, akatoka.

Karani aliipokea kwa kucha mbili.

"Hii nini? Inanuka mchuzi!"

"Ndiyo majibu ya nyumbani."

"Sahihi haipo."

"Yangu ipo."

Mkunga aliyekuwa anapita akasimama mlangoni. "Hivi karani, huo mstari ulitoka wapi? Kwenye fomu za zamani haukuwepo."

"Niliukuta."

"Nani aliuandika?"

"Sijui, dada. Mimi nafuata fomu."

Mama Dobi akakaa kwenye benchi, mkabala na mlango wa daktari. Akakaa. Saa nane. Saa tisa. Wanawake watatu waliingia na waume zao, wakatoka. Saa kumi kasoro, daktari akatoka na mkoba wake, akampungia karani mkono. Gari likawaka nje, likaenda, mlio ukafifia.

Ndipo karani akaja, anapiga makofi. "Haya, yameisha hayo. Hebu fungua chumba, mapazia yatundikwe. Wakubwa wanafika asubuhi na madirisha yako uchi."

Mama Dobi hakuinuka.

"Mama Dobi! Ufunguo!"

"Ninao."

"Si unipe?"

"Mimi? Mimi naamua kitu? Nenda kwangu, kamwombe mume wangu ruhusa. Aweke sahihi."

"Unanitania. Nitakufukuzisha kazi!"

"Hilo nalo lina fomu. Mstari wa chini aweke sahihi yeye. Na umsubiri mama yake amalize kula."

Mkunga, aliyekuwa amerudi mlangoni, akageuka ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Mama Dobi akavua viatu vya mpira, akamwaga maji yaliyobaki ndani yake pale pale sakafuni, akapandisha miguu juu ya benchi. Ufunguo ulikuwa umepata joto kifuani mwake.