Tuta la Felicitas

Serikali ilipojenga tuta Usagara, Selina aliona wazi kwamba limejengwa kumkomoa yeye.

Zamani mabasi yalikuwa machache, yakisimama popote, na sato wake wa kukaanga hawakuwahi kulala kwenye sinia. Kisha biashara ikaachiwa huru, mabasi ya watu binafsi yakajaa, madereva wakawa wanagombania abiria kama wamelogwa, na barabara ikaanza kuua. Wakubwa wakaja kutoka mjini wakasema serikali imechoka kuzika watu. Wakamwaga lami, wakachora mistari myeupe. Na wakaimwaga mbele ya kibanda cha nani? Cha Felicitas, yule mama wa Kihaya muuza ndizi!

Sasa kila basi lilinyong'onyea mbele ya Felicitas. Naye hata hakujisumbua kuinuka. Wenzake wote walikimbilia madirishani. Yeye alikaa kwenye kigoda chake, na abiria wakamshukia wenyewe. Selina, aliyekuwa mbele kidogo, pale madereva wanapokanyaga mafuta kufidia, alibaki na vumbi na samaki wake. Wivu ulimkaba hadi chakula hakipiti.

"Mama Kija, hamia huku," Felicitas alimwita siku moja. "Nafasi ipo."

"Ahsante, kwangu kunanitosha," Selina alijibu, na moyoni akasema: malkia anagawa viti.

Afisa wa barabara alipokuja kukagua, Selina alimvizia.

"Shikamoo, mzee. Na mimi naomba tuta."

"Marahaba, mama. Matuta hayatoshi. Tunaanza na palipokufa watu."

"Kwangu hajafa mtu."

"Basi mshukuru Mungu."

Selina hakushukuru. Alijua fika aliyekufa pale penye tuta: Ponsian, mume wa Felicitas, akivuka na mkungu begani. Selina mwenyewe alichota maji msibani. Lakini siku ile aliwaza kwamba marehemu amemwachia mkewe sehemu nzuri ya biashara. Wazo hilo lilimtia aibu, ila hakuliacha.

Akaamua kwamba kama tuta haliji kwake, atalifuata yeye. Akawa anasimama juu yake kabisa, katikati ya barabara, sinia kichwani, akiyawahi mabasi kabla abiria hawajamwona mwenzake. Biashara ikarudi. Kila akiuza alimtupia Felicitas jicho, na Felicitas akimwangalia tu kutoka kwenye kigoda, midomo imekauka. Selina alifurahi kweli. Na yeye aonje!

Mchana mmoja basi la Shinyanga lilipunguza mwendo. Selina akalikimbilia dirishani, upande wa kulia, akawa anachagua samaki wa abiria. Nyuma kulikuwa na basi jingine, na dereva wake hakutaka kusubiri. Akatoka kulia kulipita, huku honi inalia. Selina alisikia jina lake likiitwa kwa ukali, kisha mkono ukamvuta kitenge kwa nyuma, akaanguka chini. Sinia likapita chini ya magurudumu.

Alipoinua kichwa, aliyemvuta alikuwa Felicitas. Amesimama juu ya tuta, hana kiatu kimoja, anatetemeka mwili mzima.

"Toka barabarani, dada!" Selina alimpigia kelele.

"Siwezi," Felicitas alisema. "Sijakanyaga hapa tangu walipomwinua Ponsian. Miguu inakataa. Nishike mkono, mama Kija. Nirudishe."

Selina alimwangalia, akakiangalia kile kigoda. Kumbe miezi yote ile hayakuwa maringo. Akamshika mkono, wakaenda polepole, basi la Shinyanga likiwasubiri, hadi akamkalisha.

Abiria wakaanza kuita ndizi. Felicitas hakuweza kuinuka. Selina, ambaye hakuwa tena na samaki hata mmoja, alibeba machane mawili akayapeleka dirishani. Yakaisha papo hapo, naye akarudi kuchukua mengine, akilia, na bado akiona wivu jinsi yanavyouzika.