Mwamsheni Atuone

Watu wa mtaa wetu hapa Kasulu wana huruma ya kuua mtu. Nasema hivyo na simwombi mtu radhi.

Mwaka 2014 mume wangu Renatus, fundi baiskeli, alianguka kwa kiharusi spana ikiwa mkononi. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Akitaka maji anasema "maa, maa" mpaka machozi yanamtoka. Siku tunaruhusiwa kutoka hospitali ya Kabanga, daktari aliniambia: "Mama, mfanyishe mazoezi ya mkono na ya kusema, halafu mwache alale. Anachojifunza, ubongo unakishika akiwa usingizini. Usikubali akatishwe."

Nikaitikia. Sikujua kwamba nimeitikia vita.

Maana kwetu kumjulia hali mgonjwa si kufika tu, lazima mgonjwa mwenyewe akuone. Asipokuona, halafu akafa, jina lako linaanza kuzunguka: mbona fulani hakufika? Ana nini rohoni? Basi walikuja makundi kwa makundi. Renatus akisinzia tu baada ya mazoezi, hodi mlangoni.

"Amelala," nasema.

"Mwamshe atuone, tunaondoka sasa hivi."

Wanaingia, wanapiga makofi ya salamu za Kiha zisizokwisha, mgonjwa anagutuka na kuwakodolea macho. Wakishaonwa hawaondoki. Wanakaa kuzungumzia bei ya maharage. Kinara wao alikuwa wifi yangu Yusta. Alikuwa akimtikisa bega: "Kaka! Ni mimi, umeniona?" Mimi aliniuliza mbele za watu, "Wewe mwanamke wa Kibondo, kutwa unamlaza kaka yetu. Unaficha nini?"

Nilimchukia, na bado namchukia.

Asubuhi moja Renatus alisema "maji". Neno zima! Nikamlaza kwa furaha, nikafunga mlango. Nilipokwenda kuchota maji, jirani yetu mzee Majaliwa akaja na wanakwaya wake, wakaufungua, wakamwamsha kwa wimbo. Niliporudi nikamwuliza anataka nini. "Maa," akasema. Nikaenda jikoni nikalia kwa hasira.

Kesho yake walijaa tena uani, Yusta mbele. Nikasimama mlangoni na mwiko wangu wa ugali.

"Mnaogopa kuitwa wachawi, si ndiyo? Haya, leo nawasafisha wote. Mchawi ni mimi. Nilimwekea kwenye chakula. Mzee Majaliwa, huna kesi. Wifi, huna kesi. Nendeni makwenu, mwacheni alale!"

Mzee Majaliwa alivaa kofia yake na kuondoka bila kuaga. Yusta akashika kichwa: "Yebaba we! Mmesikia? Amekiri mwenyewe!"

Hawakurudi. Kisimani wanawake walinipisha, nikawa nachota bila foleni. Mtoto wa jirani nikimpa muhogo, mama yake anaukwapua na kuutupa. Na waukwapue! Ndani ya nyumba yangu kulikuwa na kimya, na katika kimya kile Renatus alilala usingizi wa kweli. Yusta peke yake ndiye aliyekuwa akivizia nikienda shamba, akasimama dirishani kuongea na kaka yake. Nilimwona mara moja akikimbia, nikamtukana hadi alipokata kona.

Usingizi ulifanya kazi yake. Vidole vilishika kikombe, kisha spana. Maneno yakarudi moja moja: maji, chumvi, tairi. Nilikuwa nayapokea kwa vigelegele, peke yangu, maana hapakuwa na wa kuniitikia. Alianza pia kunisubiri nile kwanza ndipo naye ale. Nikadhani ni adabu mpya, nikamtania kwamba kiharusi kimemfundisha mapenzi.

Siku moja nilimtengea ugali na maharage, nikala tonge la kwanza. Yeye hakugusa. Aliuweka ulimi sawa kama nilivyomfundisha, akavuta pumzi, akasema bila kukwama popote:

"Ernesta, uliniwekea nini?"